Kuipima Mshtarii kwa darubini ya mkono: mwongozo kwa mlioko Arusha na Moshi

Kila sayari ya Mshtarii (Jupita) inapoanza kung'aa jioni, maswali huwa ni yaleyale. "Kaka, ile nyota kubwa ni ipi?" "Darubini ya kuangalizia wanyama inatosha, au mpaka ile ya kusimamisha?" "Nimeona vinukta vitatu pembeni yake, ni uchafu wa lenzi?" Halafu zikipita siku mbili tatu linakuja lile lenye uzito wake: "Hivi wanaosema sayari fulani ina uzito fulani, wameiweka kwenye mizani gani?"

Nimeona niandike mara moja, kwa mpangilio, anayeuliza nimwelekeze hapa. Ukizifuata hatua hizi utaipima Mshtarii mwenyewe na kujua ni nzito mara ngapi kuliko Dunia, ukitumia darubini ya mkono, simu na kikokotoo. Na hili si zoezi la kuigiza. Kitu kikizunguka kingine, ukajua kinamaliza mzunguko kwa muda gani na kiko umbali gani, uzito wa kile cha katikati umeshaupata. Jua lilipimwa hivyo, nyota pacha hupimwa hivyo, na sayari za nyota nyingine zinategemea kanuni hiyohiyo aliyoanza kuiona mtaalamu wa nyota Johannes Kepler miaka ya 1600.

Unachohitaji

Darubini ya mkono ya 10x50 au 10x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ile 10x42 wanayotembea nayo madereva wa watalii inafaa kabisa, na hapa mjini si vigumu kumpata anayeuza yake ya zamani. Ya 8x42 itakuonyesha miezi miwili ya nje vizuri, ile ya ndani itakusumbua. Kaa mbali na zile zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 30x au 50x na mwili mdogo kama kiganja: picha yake ni giza na inacheza.

Kabla hujatoa pesa, ielekeze darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, au macho yakaanza kuvutana, lenzi zimeshahama, mrudishie mwenyewe. Kisha iweke mbali na uso kama sentimita 30, uielekeze mahali penye mwanga na utazame vile viduara viwili vya mwanga kwenye lenzi za kuchungulia. Viwe duara kamili. Vikiwa vimekatwa pembeni, ndani kuna kioo kidogo kuliko inavyotakiwa.

Egemeo. Tripodi ya kamera na kishikio chake ni bora. Huna? Shona kimfuko, ukijaze maharage, ukiweke juu ya ukuta na ulaze darubini juu yake, kama wapiga picha wanavyofanya kwenye paa la gari la safari.

Simu ambayo kamera yake inakuruhusu kupanga mwenyewe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na muda wa kupiga, pamoja na kishikio cha kuibana kwenye darubini. Asiye na simu ya aina hiyo asikate tamaa, kuna njia yake kwenye hatua ya 6.

Daftari, penseli, karatasi ya grafu, na tochi uliyoifunika kwa kitambaa chekundu ili macho yasipofuke kila unapoandika.

Programu ya Stellarium, ya bure, inayoonyesha anga la usiku na kila kilichomo. Iwekee mahali ulipo.

Cha mwisho ni muda: kama wiki 5 za kutoka nje kila usiku usio na mawingu, dakika 15 zinatosha.

Msimu

Mshtarii inakuwa karibu nasi na angavu zaidi kila baada ya miezi 13 hivi, Dunia inapopita katikati yake na Jua. Ilikuwa hivyo Januari 2026. Inayofuata ni Februari 2027, halafu Machi 2028. Siku hizo huchomoza jua linapozama na kukaa angani usiku kucha. Miezi mitatu inayofuata bado unaipata jioni bila kukesha.

Kwa sisi wa huku, Februari 2027 ni bahati: ni kiangazi kati ya vuli na masika. Ya 2028 itaangukia masika yanapoanza, jiandae kugombana na mawingu. Ukichelewa hadi Juni na Julai hali ni mbaya zaidi, hasa Arusha, ambako wingu linaweza kukaa juu ya mji siku nzima.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali na uwaambie majirani.

Habari njema ni kwamba taa za mji haziharibu kazi hii. Mshtarii na miezi yake inaonekana hata ukiwa juu ya paa Majengo au uani Sakina. Unachohitaji ni anga wazi juu na mahali pa kurudi kila usiku. Ngaramtoni na vijiji vilivyopanda mlimani vina giza zuri, lakini wingu la mlima linashuka pale muda wowote. Ukiweza kusogea chini, Kisongo kwa Arusha, Mabogini au Kahe kwa Moshi, utapata usiku mwingi zaidi wa kufanya kazi.

La majirani silisemi kwa utani. Mtu aliye juu ya paa saa 4 usiku na darubini, tochi nyekundu mkononi, anaeleweka vibaya upesi sana. Mpe taarifa mwenyekiti wa mtaa, na vijana wa ulinzi shirikishi wakipita waite nao wachungulie. Ukishawaonyesha miezi ya Mshtarii, hawatakusumbua tena isipokuwa kwa maswali.

2. Pima ngumi yako kwa mlima.

Anga hupimwa kwa digrii. Nyoosha mkono wote, kunja ngumi: upana wake ni kama digrii 10, kidole kimoja ni kama digrii 2. Hakikisha mchana. Ukiwa Moshi mjini, kutoka usawa wa macho hadi kilele cha Kibo ni kama digrii 9, kwa hiyo ngumi iliyosimama inaufunika mlima na kubakiza kidogo. Ukiwa Arusha mjini, Meru unafika kama digrii 12: ngumi na kidole. Ngumi yako ikitofautiana na hapo, iandike namba yake kwenye jalada la daftari.

Sasa Stellarium ikikuambia Mshtarii iko digrii 60 juu upande wa mashariki, unajua ni ngumi sita kutoka kwenye upeo.

3. Hakikisha ni Mshtarii kweli.

Kinametameta sana? Basi huenda ni nyota. Mshtarii ina mwanga mtulivu, mweupe wenye umanjano kidogo. Zuhura inaizidi kwa mwanga, ila Zuhura haitoki mbali na Jua: huiona jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe si usiku wa manane juu ya kichwa. Kinachoweza kuchanganywa na Mshtarii usiku wa manane ni Shira, nyota angavu kuliko zote, nayo inametameta mpaka rangi zinabadilika.

4. Tuliza darubini, kisha rekebisha lenzi.

Utaratibu uwe huo. Wengi wanahangaika na gurudumu la katikati huku mikono inatetemeka, kisha wanasema darubini mbovu. Iegemeze kwanza. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka Mshtarii iwe nukta ndogo kabisa kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, na urekebishe la kulia kwa pete iliyo kwenye lenzi yake, bila kugusa tena gurudumu. Vuta pumzi, toa nusu, tazama.

Utaona kiduara kidogo cheupe, na kando yake vinukta viwili, vitatu au vinne vilivyojipanga kwenye mstari mmoja. Hiyo ni miezi aliyoiona Galileo Galilei Januari 1610: Io, Europa, Ganimede na Kalisto.

Onyo: usitazame kupitia dirisha la kioo. Na usithubutu kuelekeza darubini kwenye Jua, hata linapozama nyuma ya miti. Jicho linaungua kabla hujasikia maumivu.

5. Chora kila usiku, saa ileile.

Chora duara dogo katikati ya mstari, weka nukta pale unapoziona, andika tarehe na saa. Usifungue Stellarium kabla ya kuchora. Ukishajua jibu, jicho lako litaliona hata kama halipo.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo iliyoandikiwa Ulaya haisemi. Kule mstari wa miezi umelala. Kwetu karibu na ikweta, Mshtarii inapochomoza mashariki mstari unakuwa umesimama, karibu wima, na ikifika juu unalala. Anayechora "juu" na "chini" mwanzoni mwa jioni, kisha "kushoto" na "kulia" baadaye, anachanganya kila kitu. Tumia mashariki na magharibi tu. Namna ya kujua: iache darubini itulie bila kuigusa. Mshtarii itateleza polepole kuelekea ukingoni. Upande inakoelekea ni magharibi. Weka herufi M pale, kila usiku, bila kukosa.

Nukta ipi ni mwezi upi? Ganimede ndiyo angavu zaidi. Kalisto ndiyo hafifu zaidi, na ikiwa mbali inakuwa mbali kweli, hadi dakika 10 za digrii (digrii moja ina dakika 60). Lakini nukta ya mwisho kwenye mstari si lazima iwe Kalisto. Kuna usiku inapita mbele au nyuma ya Mshtarii na kuonekana karibu sana. Chora kwanza, tambua baadaye, kwa kulinganisha mchoro wa leo na wa jana. Kalisto hutembea taratibu. Io hubadilika hata ndani ya saa mbili.

6. Pima umbali kwa picha.

Bana simu kwenye darubini. Funga zumu mahali pamoja na usiiguse tena mpaka mwisho wa wiki zote. Anza na ISO 800 na nusu sekunde. Kama miezi haionekani ongeza, kama Mshtarii imekuwa bonge la mwanga linalomeza nukta za jirani, punguza. Tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisitikise.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka, kisha wananiandikia kwamba hesabu imegoma: lazima upige na picha ya Mwezi wetu, kwa simu hiyohiyo, darubini hiyohiyo, zumu hiyohiyo. ISO 100 na sehemu ya 1 kwa 200 ya sekunde inatosha. Mwezi ndio rula yako. Upana wake angani ni kama dakika 31 za digrii, na Stellarium itakupa kipimo kamili cha usiku huo, maana unacheza kati ya 29 na 34. Si lazima uwe mpevu. Pima kutoka ncha moja ya mwezi hadi nyingine.

Fungua picha kwenye kompyuta, hesabu pikseli. Mfano: Mwezi una pikseli 310, na kutoka katikati ya Mshtarii hadi Kalisto kuna pikseli 101. Basi

101 ÷ 310 × 31 = dakika 10.1 za digrii.

Asiye na simu ya kufaa atumie saa. Iache darubini imetulia, Mshtarii ipite katikati na kwenda kutokea ukingo wa magharibi. Pima sekunde kati ya Mshtarii kutoweka ukingoni na mwezi unaoifuata kutoweka. Anga linazunguka dakika moja ya digrii kwa kila sekunde 4, kwa hiyo Kalisto ikiwa mbali kabisa utapata kama sekunde 40. Ni makadirio, kwa sababu mstari wa miezi haulingani sawasawa na mwendo wa anga, lakini jibu halitakuaibisha.

7. Chora grafu.

Tarehe chini, umbali kwa dakika za digrii pembeni: mashariki juu ya mstari wa sifuri, magharibi chini yake. Weka nukta za Kalisto peke yake, na kwenye karatasi nyingine za Ganimede. Baada ya wiki mbili utaona wimbi linaanza kujitokeza. Pitisha mkunjo laini kwa mkono, siyo mistari ya rula kutoka nukta hadi nukta. Usiku wa mawingu uache wazi. Wimbi litakuonyesha mwezi ulikuwa wapi. Hii ndiyo sababu ya grafu. Huenda hukuona Kalisto ikiwa kwenye kilele cha umbali wake, lakini mkunjo unakupa kilele hicho.

Kutoka kilele hadi kilele cha upande uleule ni mzunguko mmoja. Usipime mmoja ukaridhika. Kwa Ganimede hesabu mizunguko 5, gawa kwa 5: kosa la nusu siku linakuwa la saa mbili na ushee. Unatakiwa kukaribia siku 7.15 kwa Ganimede na siku 16.7 kwa Kalisto. Ganimede ina tabia nzuri kwa mtu wa kazi nyingi: inamaliza kwa siku 7 na karibu saa 4, kwa hiyo ukitoka nje kila Jumamosi saa 3 usiku utaikuta karibu palepale, ikirudi nyuma kidogo kila wiki.

8. Fanya hesabu.

Kwanza geuza dakika za digrii kuwa kilomita. Katika majira ya 2026 na 2027 Mshtarii inapokuwa karibu nasi iko kama kilomita milioni 640. Mwanga wake unachukua dakika 35 kufika, kwa hiyo unachochora kimeshatokea muda. Gawa kwa 3,438 (hiyo ndiyo namba inayogeuza dakika za digrii kuwa uwiano):

10.1 ÷ 3,438 × 640,000,000 = kilomita 1,880,000 hivi.

Sasa linganisha na Mwezi wetu, ambao uko kilomita 384,400 na unaizunguka Dunia kwa siku 27.3 ukipimwa dhidi ya nyota.

Umbali: 1,880,000 ÷ 384,400 = 4.89. Zidisha yenyewe mara tatu: 4.89 × 4.89 × 4.89 = 117.

Muda: 27.3 ÷ 16.7 = 1.63. Zidisha yenyewe mara mbili: 2.67.

117 × 2.67 = 312.

Mshtarii ni nzito kama Dunia 312. Vitabu vinasema 318. Rudia na namba za Ganimede (umbali wake halisi ni kilomita 1,070,000) na uone jibu linaangukia palepale. Miezi miwili tofauti, umbali tofauti, mwendo tofauti, jibu moja: hapo ndipo watu wengi hukaa kimya kidogo wakiangalia kikokotoo.

Angalizo: umbali unazidishwa mara tatu, kwa hiyo kosa lake nalo linakua. Ukikosea umbali kwa asilimia 5, uzito utapotoka kwa asilimia 15. Ukipata kati ya 270 na 370, umefanya kazi nzuri, jipongeze.

9. Pima na vingine kwa kanuni hiyohiyo.

Jua: Dunia iko kilomita 149,600,000 kutoka kwake na inazunguka kwa siku 365.25. Weka namba hizo mahali pa Kalisto. Utapata kama Dunia 330,000.

Nyota: kuanzia Aprili hadi Agosti, jioni, tazama kusini. Zile nyota mbili angavu zinazoelekeza kwenye Msalaba wa Kusini, iliyo angavu zaidi ni Rijili Kantori, miaka 4.4 ya mwanga kutoka hapa. Kwa jicho ni moja. Kwa darubini ya kusimamisha ni mbili, zinazungukana kwa miaka 79.9, na wastani wa umbali kati yao ni mara 23.4 ya umbali wa Dunia hadi Jua. Ukitumia miaka na umbali huo, hesabu ni fupi: 23.4 mara tatu yenyewe, gawa kwa 79.9 mara mbili yenyewe. Jibu ni 2.0. Nyota hizo mbili kwa pamoja zina uzito wa Jua mbili.

Mbona yote iko kwenye mstari mmoja?

Nadharia nitaitoa kidogo tu, kwa sababu michoro yako inauliza swali hili yenyewe. Miezi inaizunguka Mshtarii kwenye tambarare moja, nasi tunaitazama kwa ubavu. Ni kama sahani uliyoishika usawa wa macho, unaona mstari, huoni duara. Sayari nazo ni hivyo: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali zote hupita njia moja angani.

Ulivyo mpangilio ndivyo ulivyozaliwa. Wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake lenyewe. Kadiri linavyobana ndivyo linavyozunguka kasi, na linatandaa kuwa sinia. Katikati panawaka nyota, na kwenye sinia vumbi linagandamana kuwa mawe, mawe kuwa sayari. Jua letu, miaka bilioni 4.6 iliyopita, lilichukua zaidi ya asilimia 99 ya mali yote. Mbali na joto lake, ambako barafu haikuyeyuka, kiini cha Mshtarii kilikua haraka na kuvuta gesi, hata ikawa nzito kuliko sayari nyingine zote zikijumlishwa. Nayo ikawa na kisinia chake kidogo, ndicho kilichozaa miezi unayoichora. Io, iliyo karibu, ni mwamba mtupu, mzito mara 3.5 ya maji. Kalisto, ya mwisho, imechanganyika na barafu nyingi, uzito wake ni mara 1.8 tu ya maji. Mawe karibu na joto, barafu mbali: mfumo wa Jua kwa udogo wake.

Unaweza kuona uzazi wenyewe ukiendelea. Januari hadi Machi jioni, elekeza darubini kwenye kundi la Jabari, upande wa kusini wa zile nyota tatu zilizopangana. Lile doa la ukungu, ambalo haliletwi na umande kwenye lenzi, ni wingu la gesi lililo umbali wa miaka 1,300 hivi ya mwanga, na ndani yake darubini ya anga ya Hubble iliona nyota changa zikiwa bado zimezungukwa na masinia ya vumbi. Kwa hili unahitaji giza la Kahe au Kisongo. Kisha geukia Kilimia, nyota zilizozaliwa pamoja kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita. Kwa umri wa nyota, ni watoto. Kwenye eneo hilohilo la anga, isiyoonekana kwa darubini yako, kuna nyota changa HL Tauri, ambayo mwaka 2014 mitambo ya kunasa mawimbi ya redio ya ALMA huko Chile ilipiga picha ya sinia lake likiwa na pete za giza zinazodhaniwa kuchimbwa na sayari zinazokua.

Na sayari za nyota nyingine ambazo hazionekani kabisa? Hapo hupimwa nyota yenyewe. Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995 waliona nyota 51 Pegasi ikiyumba kila siku 4.2, ikivutwa na sayari. Wakapata Nobeli mwaka 2019. Njia nyingine ni kungoja sayari ikatize mbele ya nyota na kupunguza mwanga wake. Mshtarii ikikatiza mbele ya Jua, mtu wa mbali ataona mwanga umepungua kwa asilimia 1. Hivyo ndivyo zilivyopatikana sayari 7 za nyota iitwayo TRAPPIST-1, zinazoizunguka kwa muda wa siku 1.5 hadi karibu 19. Linganisha na daftari lako: Io siku 1.8, Kalisto 16.7.

Mambo yakikwama

"Naona Mshtarii lakini sioni mwezi hata mmoja." Mara nyingi ni lenzi haijarekebishwa, au mkono. Rudi hatua ya 4. Kama Mshtarii ina miali kama nyota ya kuchora, safisha lenzi kwa kitambaa cha miwani. Usitumie shati, vumbi la huku linakwaruza.

"Leo ni miwili, jana ilikuwa minne." Sawa kabisa. Mingine iko mbele au nyuma ya Mshtarii, au imezama kwenye kivuli chake. Andika miwili.

"Kuna nukta ya tano." Ni nyota ya nyuma. Kesho itakuwa imeachwa, maana Mshtarii yenyewe inasogea.

"Lenzi zinaingia ukungu." Umande. Lenzi ikikaa kwenye baridi ya Arusha ya usiku ikapoa kuliko hewa yenye unyevu inayoizunguka, ndivyo itakavyokuwa. Ifunike kila unapopumzika kutazama. Usiifute ikiwa na maji.

"Picha zote zina mstari badala ya nukta." Muda wa kupiga ni mrefu au tripodi inatikiswa na upepo. Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya tripodi.

"Grafu yangu haina wimbi, ni vurugu." Karibu kila grafu ya namna hii niliyotumiwa, tatizo ni mashariki na magharibi kubadilishana usiku mmoja au miwili. Chukua Stellarium, rudisha tarehe nyuma, kagua usiku ule tu unaoutilia shaka.

"Nimepata 58." Ulichodhani ni Kalisto ni Ganimede. Jaribu tena na muda wa siku 7.15, kama jibu linaruka karibu na 300, umepata mchawi.

"Nimepata 2,500." Umbali umezidi mara mbili. Labda umepima upana wote, kutoka mwezi ukiwa mashariki hadi ukiwa magharibi. Angalia kama zumu ya picha ya Mwezi ni ileile. Simu nyingi hubadilisha kamera zenyewe giza likiingia bila kukuuliza. Zima kipengele hicho kabla ya kuanza upya.